Ampu ya tyubu inatoa sauti nyembamba, nimebadili tyubu zote na bado iko vilevile, tatizo litakuwa wapi?

mpiga_nyuzi

Habari wakuu. Naombeni msaada maana nimefika mwisho wa akili yangu. Nilinunua ampu ya gitaa iliyotumika, ya tyubu (vile vioo vinavyowaka ndani na kukuza sauti badala ya transista), wati 50, chaneli mbili, mbele ina tyubu nne ndogo za ECC83 na nyuma ina tyubu kubwa mbili za EL34 zinazosukuma spika, nikachukua na kabati lake la spika mbili za inchi 12. Miaka yote nimepigia ampu za transista nikiwa naota tu siku moja nimiliki ya tyubu, kila mtu anasema ni joto, ina mwili, noti inakukaa kifuani. Sasa hii yangu hamna kitu. Besi haipo kabisa, katikati pamekuwa patupu kama mtu anaimba ndani ya bomba, afu noti ikiwa inaishia kuna kaukwaru fulani kama mchanga kwenye karatasi.

Nilichofanya mpaka sasa: nimenunua tyubu mpya zote, za mbele na za nyuma, nikachomeka, hakuna kilichobadilika, tena ule ukwaru naona kama umeongezeka. Nimebadili kebo, nimejaribu magitaa mawili tofauti, sina pedali yoyote katikati. Nimepima kabati kwa mita nikapata ohm 6.5, nyuma limeandikwa 8 na nimechomeka kwenye tundu la 8, kwa hiyo hapo nadhani niko sawa. Mwenye nalo wa kwanza aliniambia spika moja iliwahi kubadilishwa na ampu yenyewe ilikuwa haina shida.

Kitu kimoja kinanichanganya sana, nikiweka maiki karibu kabisa na spika nikarekodi, nikisikiliza baadaye kwenye hedifoni inasikika vizuri tu, ila nikiwa nimesimama chumbani ni hovyo. Na nikitembea chumbani sauti inabadilikabadilika. Mipangilio yangu: geini (ukuzaji wa mbele) 8, besi 8, midi (sauti za katikati) 2, trebo 8, masta (sauti ya jumla) 1 na kidogo. Natanguliza shukrani.

besi_nzito

Mkuu pole, ila kabla hujafungua kitu chochote angalia hiyo mipangilio kwanza. Masta 1 na geini 8 maana yake tyubu ndogo za mbele ndo zinakoroga sauti peke yake, EL34 zimelala, transfoma ya kutokea, ile iliyo kati ya EL34 na spika, imelala, spika nayo haijaanza kujitikisa. Ile sauti watu wanayoisifia inatokana na vyote vinne vikifanya kazi pamoja. Shusha geini mpaka 4, pandisha masta mpaka 4 hivi, mwanzoni utaona kama sauti imepungua ukali lakini sikiliza mwili wake.

Halafu midi 2 hiyo, jamani, hapo ndo watu wengi tunajiua wenyewe. Gitaa linaishi kwenye midi. Hizi noubu za ampu za tyubu nyingi haziongezi kitu, zinapunguza tu, ukiweka 10 maana yake umeacha ipite na ukiweka 2 umeikata. Tena saketi yenyewe hata kabla hujaigusa ina shimo katikati, kwenye ampu nyingi za mtindo wa Fender ukitaka sauti iliyo karibu na unyoofu unapandisha midi mpaka mwisho na kushusha besi na trebo karibu na chini kabisa, watu hawaamini mpaka wajaribu. Anza na vyote 5, midi 7.

Na jambo la masikio, ukipiga kwa sauti ndogo sikio lenyewe linapunguza besi na trebo, hilo lilipimwa zamani na watafiti wa sauti Fletcher na Munson wakalichapisha mwaka 1933, sio imani ya wapiga gitaa. Ndo maana usiku kwa sauti ya chini mtu anaongeza besi na trebo mpaka juu, kesho akifungua sauti inakuwa mbaya. Panga noubu zako kwenye ile sauti utakayopigia kweli.

sauti_ya_jioni

Naongezea kwa besi_nzito, masikio yako yako wapi unapopiga? Kama kabati liko sakafuni na umesimama karibu nalo, spika inapiga kwenye magoti yako. Trebo ya spika ya gitaa inatoka kama tochi, inakwenda mbele moja kwa moja, pembeni inafifia. Aliye mbele anapata ukali wote na wewe uliye juu unasikia matope, ndo unaongeza trebo, matokeo yake maiki inachukua kitu ambacho wewe hujawahi kukisikia. Liinue juu ya kiti au lilaze kidogo nyuma likutazame usoni.

Na kwenye gitaa angalia urefu wa pikapu (kile kipande chenye sumaku kinachonasa mtetemo wa nyuzi), ikiwa karibu sana na nyuzi sumaku inazivuta, noti inakosa pumzi. Mimi naanza na milimita 2 mpaka 3 nikiwa nimebonyeza freti ya mwisho. Nyuzi zilizochakaa nazo zinaua sauti kuliko tyubu mbovu. Ila kwa kuwa umejaribu magitaa mawili sidhani kama shida iko huko.

mpiga_nyuzi

Asanteni. Nimefanya, geini 4, masta 4, vyote katikati, midi 7, kabati nimeliweka juu ya meza. Imekuwa bora kwa kweli, midi imerudi kiasi, lakini besi bado haipo na ule utupu upo palepale. Ukwaru wa mwisho wa noti nao upo. Hata jirani akiruhusu nifungue zaidi, inaongezeka kelele tu sio mwili.

fundi_saketi

Nimesoma swali lako mara mbili na nikuulize kwanza, ulipobadili zile EL34 ulipima bayasi? Usijibu kwamba tyubu ziliuzwa zikiwa zimelinganishwa, hilo ni jambo jingine. Kulinganishwa ni kwamba mbili zinafanana zenyewe kwa zenyewe, bayasi ni mkondo gani ampu yako inazipa zikiwa zimetulia bila kupigwa. ECC83 za mbele unachomoa na kuchomeka tu, rezista iliyo kwenye kathodi (mguu wa tyubu unakoingilia mkondo) inajipangia. Za nyuma kwenye ampu nyingi za wati 50 sio hivyo, kuna kirezista cha kuzungusha ndani.

Namna zinavyofanya kazi, EL34 moja inasukuma nusu ya wimbi na mwenzake inasukuma nusu nyingine, zinapokezana katikati. Zikipewa mkondo mdogo mno, pale kwenye kupokezana moja inakuwa imeshaachia kabla nyingine haijashika, panabaki pengo. Noti ikiwa na nguvu hulisikii hilo pengo, limefunikwa. Noti ikiisha, wimbi linakuwa dogo, pengo linakuwa sehemu kubwa ya sauti yenyewe, ndo unasikia huo mchanga kwenye karatasi. Umeueleza vizuri kabisa, na umesema uliongezeka baada ya tyubu mpya. Mi naweka alama hapo.

Hesabu yake ni nyepesi. EL34 inavumilia wati 25 kwenye pleti (bati la ndani ya tyubu linalopokea mkondo), mafundi wengi hawavuki asilimia 70 ikiwa imetulia, yaani wati 17.5. Gawa kwa volti za pleti. Zikiwa 440 unapata kama mili-ampia 40, huo ndo ukomo wa juu, sio lazima uufikie, 34 mpaka 37 sauti inakuwa nzuri na tyubu zinadumu. Ukizidisha pleti inaanza kuwa nyekundu ndani ya kioo, ukiona hivyo zima papo hapo.

SASA NISIKILIZE VIZURI. Humo ndani kuna volti 400 na zaidi, na kapasita kubwa zinabaki na chaji hata ukishachomoa ampu ukutani. Haijalishi umechomoa jana. Watu wamekufa kwa hili. Kama hujawahi kupima volti za namna hiyo mpelekee fundi anayejua ampu za tyubu, kazi yenyewe ni ya muda mfupi. Na chochote utakachojaribu, usiwashe ampu ya tyubu ukapiga bila spika kuchomekwa, transfoma ya kutokea inaweza kuungua na hicho ndo kipande cha bei mbaya kuliko vyote.

Ila bayasi haimalizi besi kiasi hicho. Kwa hiyo una matatizo mawili, sio moja, na hilo la pili halina uhusiano na tyubu. Nyuma ya ampu kuna matundu ya kupitishia efekti, la kutokea na la kuingilia? Kama yapo chukua kebo fupi uchomeke kutoka moja kwenda lingine. Ndani ya lile tundu la kuingilia kuna kijibati kinachopitisha sauti kama hujachomeka kitu, kikiingia kutu sauti inapita kwa kuombaomba, inakuwa nyembamba na dhaifu. Nimeshaona ampu zimenunuliwa tyubu seti nzima kwa sababu ya hicho kijibati. Ukichomeka kebo na sauti ikafunguka, puliza spreya ya kusafishia kontakti, ingiza na kutoa jeki mara kumi, umemaliza.

mpiga_nyuzi

Bayasi sikupima mkuu, nilijua ni kuchomeka tu kama balbu. Nitampelekea fundi, ndani siingizi mkono. Kebo kwenye matundu ya efekti nimejaribu sa hivi, hakuna tofauti hata kidogo, hapo pako salama.

sauti_ya_jioni

Ngoja, kuna sentensi kwenye swali lako tumeiruka wote. Umesema ukirekodi na maiki karibu na spika inasikika vizuri, ukisimama chumbani ni hovyo, na ukitembea sauti inabadilika. Afu spika moja iliwahi kubadilishwa.

Maiki iliyo karibu inasikia spika MOJA. Wewe chumbani unasikia mbili. Moja ni nzuri, mbili pamoja ni mbaya, basi hizo mbili zinapigana. Nakwambia zimepishana fezi, aliyebadilisha spika alifunga waya kinyume. Moja ikisukuma hewa mbele nyingine inaivuta nyuma, na besi kwa kuwa mawimbi yake ni marefu kuliko kabati lenyewe yanakutana na kufutana, trebo inabaki kwa sababu mawimbi yake ni mafupi hayakutani sawasawa. Ndo huo utupu wa bomba ulioueleza.

Na mita haiwezi kukuonyesha hili. Ohm 6.5 utazipata zikiwa sawa na utazipata zikiwa kinyume, waya wa spika ni uleule ukiupima mbele au nyuma.

Jaribio lake dogo tu. Chomoa kabati kwenye ampu kabisa. Chukua kebo ya spika, upande mmoja ubaki kwenye kabati, upande mwingine gusa betri ya volti 9, chanya kwenye ncha ya jeki, hasi kwenye mwili wake. Gusa sekunde moja uachie, usishikilie. Mtu mwingine aangalie koni kwa tochi, au weka vidole kwa upole sana. Zote mbili ziruke nje. Moja ikiruka nje na nyingine ikizama ndani, umempata mwizi. Betri ndogo ya 1.5 nayo inatosha kama una wasiwasi, mruko unakuwa mdogo ila unaonekana.

besi_nzito

Asee hapo umeona mbali, mi niliisoma ile ya maiki nikadhani ni mambo ya chumba tu. Na niongeze, usitegemee rangi za vituo peke yake. Spika za JBL za zamani ukiweka chanya kwenye nyekundu koni inaingia ndani badala ya kutoka, kinyume na nyingine nyingi, kwa hiyo mtu anaweza kufunga nyekundu kwa nyekundu kwa uaminifu wote akakosea. Betri haidanganyi.

mpiga_nyuzi

WAKUU. Nimegusa betri, mdogo wangu kashika tochi. Ya kushoto ikatoa kale kamlio "tk" ikaruka nje, ya kulia ikazama ndani. Tumerudia mara nne maana sikuamini. Nimefungua bamba la nyuma, spika ya kulia ndo iliyobadilishwa inaonekana solda yake ni mpya, waya mwekundu umelehemiwa kwenye kituo cha hasi na mweusi kwenye chanya. Yaani kwa macho tu unaona, kama ningefungua siku ya kwanza nisingenunua hata tyubu moja.

Nimegeuza, nimelehemu upya, nimejaribu betri tena zote zikaruka nje. Nimerudisha kwenye ampu nikapiga E ya chini wazi. Nimekaa chini. Bamba la kabati linatetemeka mkononi, noti inajaa chumba, na nikitembea inabaki ileile kila kona. Hii ndo sauti niliyokuwa naisikia kichwani miaka yote. Nimelazimika kushusha besi kutoka 5 mpaka 3 maana sasa imezidi!

Ukwaru wa mwisho wa noti bado upo ila sasa nausikia peke yake, umetengana na mengine. Kesho kwa fundi.

fundi_saketi

Safi sana sauti_ya_jioni, hilo mimi nilikuwa nalitafuta ndani ya ampu wakati liko nje. mpiga_nyuzi, ukienda kwa fundi mwombe vitu vitatu wakati kifuniko kiko wazi. Apime bayasi ya kila EL34 peke yake, sio jumla, maana moja inaweza kuwa na 20 na nyingine 45 na wastani ukaonekana mzuri. Aangalie umri wa kapasita kubwa za kuchujia umeme, zikifika miaka 15 mpaka 20 zinaanza kukauka, besi inalegea na kunakuwa na mvumo chini ya sauti. Na apime kama kuna volti za moja kwa moja kwenye gridi za EL34 (pale sauti inapoingilia kwenye tyubu) zinazovuja kupitia kapasita za kuunganishia, maana zikivuja bayasi unayopanga leo haitakaa.

Mwambie pia akuwekee rezista ya ohm 1 kwenye kathodi ya kila EL34 kama haipo. Mkondo wa mili-ampia 1 unaonekana kama mili-volti 1 kwenye mita, siku nyingine kupima kunakuwa rahisi na salama zaidi.

mpiga_nyuzi

Mrejesho. Fundi kapima mbele yangu, volti za pleti 441, EL34 moja ilikuwa mili-ampia 17 na nyingine 19. Kasema hizo zilikuwa zimelala njaa. Kumbe tyubu za zamani zilikuwa zinavuta zaidi kwenye mpangilio uleule, ndo maana nilipoweka mpya ukwaru ukaongezeka, nilijiharibia mwenyewe. Kapandisha mpaka 35 na 36, kaacha iwake nusu saa, kapima tena, haijasogea. Kapasita kubwa kasema bado zina afya, kwenye gridi hakuna kinachovuja, rezista za ohm 1 kaweka.

Tofauti yake sio kubwa kama ya spika, nisiwadanganye, ukiwa unapiga kwa nguvu huwezi kuisikia. Lakini ukiacha kodi moja ya A (noti kadhaa zikipigwa pamoja) ife yenyewe, zamani kabla ya kunyamaza ilikuwa inakohoa, sasa inayeyuka tu mpaka unabaki unasikia mvumo wa ampu. Nimekaa jana usiku naacha kodi zife, mke wangu ananiuliza mbona hupigi wimbo.

Swali la mwisho: zile tyubu za zamani nizitupe au zina kazi? Naona zilikuwa nzima muda wote.

fundi_saketi

Usitupe. Hizo EL34 mbili zifunge pamoja uandike kwenye karatasi kwamba ni jozi, usizichanganye na nyingine. Siku ukizirudisha bayasi ipimwe upya, namba ya leo ni ya tyubu za leo. ECC83 zenyewe ni dhahabu ya akiba, siku ukisikia mlio au ukelele wa ajabu, ampu ikiwa imewaka gonga kila tyubu ndogo taratibu kwa mpini wa penseli ya mbao, ile inayojibu kwa sauti kubwa kwenye spika ndo unaibadilisha. Ile ya kwanza karibu na tundu la gitaa itajibu kidogo hata ikiwa nzima, hiyo ni kawaida, ibadilishe tu kama inalia au inaendelea kuvuma baada ya kuigonga.

mpiga_nyuzi

Nimezifunga kwenye boksi zile mpya zilimokuja, nimeandika A na B. Kabati nalo nimeandika kwa kalamu ndani ya bamba "chanya hapa" na mshale, siku likienda kwa mtu mwingine asipate niliyopata.